Yuda Ameokoka

Watu wa Santa Úrsula tunasamehe mengi. Tulimsamehe mwalimu aliyetoroka na kengele ya shule, tukamsamehe na padri aliyesinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Lakini mwaka ule Nicanor Tlapale alipoanza kufurahi, hapo uvumilivu ulitushinda. Mtu anafurahi Jumatatu, anafurahi Jumanne, hana harusi, hana mtoto aliyezaliwa, na wala hamuombi mtu radhi.

Inabidi kwanza umjue Nicanor alivyokuwa. Alikuwa mfyatua matofali ya udongo kule chini karibu na mfereji, na kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyekuwa Yuda wetu. Kila Juma Kuu mji mzima huigiza Mateso ya Bwana, na kila ukoo una nafasi yake ya kurithi. Uyuda ulikuwa wa akina Tlapale. Babu yake alikuwa Yuda, baba yake Yuda, na wote walikuwa na uso ule ule wa mtu aliyekunywa siki akidhani ni maji. Alhamisi Kuu, saa kumi jioni, Yuda anaingia bustanini amevaa joho la manjano, anambusu Bwana shavuni, na askari wanamkamata Bwana. Tangu hapo mpaka kengele za Pasaka zilie, ni mwiko kumsemesha Yuda. Hasalimiwi, hauziwi hata chumvi, na mkewe mwenyewe anamwachia sahani kizingitini na kumpa mgongo. Ijumaa watu wote wanapanda mlima na msalaba, yeye anabaki nyumbani na mbwa. Ndiyo mila, na tunaiheshimu sana, hasa sisi ambao si akina Tlapale.

Sasa mtu umtenge hivyo mwaka hadi mwaka, halafu utegemee achangamke? Nicanor alinuna hata mwezi wa Agosti. Alikunywa pulke, ile pombe ya mkonge, tangu alfajiri, akagombana na udongo wake, akagombana na Eufrasia mkewe, na ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu, "Kwani umeileta wewe?" Akina mama walimtumia kulishia watoto: kula, la sivyo namwita don Nicanor. Tulimzoea, na kwa namna yetu tulimpenda.

Mwishoni mwa mvua, banda la bati la walokole liliinuka hatua mia kutoka kwake, na wale watu, kama ujuavyo, hawaimbi kwa siri. Jumapili ya tatu Nicanor akachukua tofali moja mkononi akaenda kuwatukana. Alipofika mlangoni, mchungaji wao, dada Rosenda, mshonaji nguo mwenye sauti ya tarumbeta, akasimamisha wimbo na kusema, "Karibu, ndugu. Tulikuwa tunakungoja."

Nicanor akageuka nyuma kutazama ni nani anayeambiwa. Hakukuwa na mtu. Akakaa, tofali mapajani. Alitoka saa mbili baadaye bila lile tofali, na akamsalimia mbuzi wa jirani.

Kuanzia hapo hatukupumua. Pulke aliiacha siku hiyo hiyo. Alipiga mluzi akikanyaga udongo. Akikutana na mtu njiani anamshika mkono kwa mikono yote miwili, "Bwana asifiwe," na kuuliza hali ya goti lako, na anasubiri jibu. Watu wawili wakaamini amechimbua hazina, wakaenda kuchimba uani kwake. Akawakuta, akawaletea kahawa, akashika sepetu akawasaidia mpaka shimo likawafika kifuani. Wale walirudi nyumbani wamekasirika sana.

Hatimaye doña Gudelia akamwendea. Huyu doña Gudelia ndiye mwenye duka la mishumaa, na ndiye msimamizi wa Mateso, mama ambaye hata padri humwomba ruhusa kukohoa.

"Nicanor, unatucheka nini?"

"Siwacheki, doña Gudelia. Nina furaha tu."

"Furaha ya nini?"

"Nimeokoka. Nimejua kwamba Yesu ananipenda."

"Yesu anatupenda sote hapa tangu enzi za mababu," akasema doña Gudelia. "Na umemwona nani kati yetu anapiga mluzi?"

Nicanor akacheka, si kwa ubaya, na kicheko hicho kilimuuma yule mama kuliko tusi. Alikuwa Mkristo kwa miaka sitini na minne, hajakosa misa, hajakosa rozari, magoti yameota sugu, na hakuna siku hata moja alijisikia kupiga mluzi. Sasa anakuja huyu mlevi wa jana kuonyesha meno barabarani. Nadhani hata mimi ningekasirika, na kusema kweli nilikasirika.

Kwaresima ilipoingia doña Gudelia akampelekea joho la manjano lililofuliwa na kupigwa pasi. Nicanor akalirudisha likiwa limekunjwa vizuri.

"Siwezi kumuuza tena," akasema.

"Ni mchezo, Nicanor."

"Najua. Zamani nilimuuza kwa mchezo nikiwa simjui. Sasa namjua."

Habari ikasambaa kabla ya chakula cha mchana. Yuda amekataa kumsaliti Bwana. Wazee wakashika vichwa. Ukiangalia maana yake ni nzito: bila Yuda hakuna kukamatwa, bila kukamatwa hakuna msalaba, na bila msalaba sisi sote tumeshapotea, na aliyetupoteza ni mtu mmoja anayejiita ameokoka. Wakakaa kikao, wakaamua kumkatia zamu yake ya maji ya mfereji mpaka roho ya usaliti imrudie.

Aliyetumwa kufunga maji alikuwa Primitivo, mgawa maji wa mji, ambaye katika Mateso ndiye kapteni wa askari wa Kirumi. Primitivo ni mtu wa amri. Ukimwambia fungua saa sita, saa tano na dakika hamsini na tisa nyumba inaweza kuungua mbele yake.

"Nimeambiwa nifunge, don Nicanor."

"Funga, ndugu yangu. Kamba hiyo ya lango imelika, angalia isikukate mkono."

Mfyatua matofali bila maji ni kama mwokaji bila unga. Nicanor akawa anateka chemchemini, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, ndoo mbili begani, na njia nzima anaimba. Njia ile inapita mbele ya duka la mishumaa. Doña Gudelia alifunga dirisha, akatia na pamba masikioni.

Tukajaribu Yuda wengine. Mwalimu mpya alipiga hodi kabla ya kubusu. Mwendesha nyumbu alilia hata hakufika. Mwishowe akabaki Melitón, mwokaji mikate, aliyekubali kwa shingo upande baada ya kuahidiwa kwamba siku za kutosemeshwa zitapunguzwa kwake ziwe mbili.

Aliyekosa usingizi kuliko wote alikuwa Abundio, muuza nyama ya kondoo, mnene mfupi mwenye moyo laini kama kitumbua, na mwaka ule ndiye Bwana. Hakurithi, aliomba. Mtoto wake Chabela alishikwa na homa ya mapafu wakati wa baridi, na Abundio akapiga magoti akaweka nadhiri: mtoto akipona, atakamatwa na kubeba msalaba. Mtoto akapona. Na msalaba wetu hautoki kanisani mpaka kapteni aripoti kwamba Bwana amekamatwa kwa busu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la msimamizi. Nicanor na Abundio walikuwa makompadre, maana Nicanor ndiye aliyempakata Chabela siku ya ubatizo.

Jumanne ya Juma Kuu Abundio akaenda kwenye matofali, kofia mkononi.

"Kompadre," akasema, "nimekuja kukuomba unisaliti."

Nicanor akaacha kukanyaga udongo.

"Melitón hataweza," Abundio akaendelea. "Namjua. Jana katika mazoezi aliniuliza kama nina hakika. Nisaliti wewe, kompadre, ni busu moja tu."

"Kwangu si busu, Abundio. Ni siku tatu." Nicanor akakaa juu ya rundo la matofali mabichi, kitu ambacho hakuna mfyatuaji anayekifanya. "Wewe unajua mimi nilikuwa sijawahi kungojwa na mtu? Miaka yote. Dada Rosenda akaniambia walikuwa wananingoja, na tangu hapo naamka asubuhi kama mtu mwenye miadi. Sasa nikivaa lile joho, nikageuziwa migongo, nikabaki na mbwa, atarudi yule wa zamani. Namjua yule. Nikimfungulia mlango hatoki tena."

Abundio alikunja kofia, akaikunjua.

"Chabela ameanza kukohoa tena," akasema.

Nicanor alimsindikiza kompadre wake hadi barabarani, na siku hiyo hakuimba. Jioni akaenda kwa dada Rosenda, akamkuta na pini mdomoni, akamweleza yote. Dada Rosenda akatoa pini moja moja.

"Ukivaa joho lile, ndugu, umerudi Misri. Nitakufuta kwenye kitabu cha kanisa kwa mkono wangu huu."

"Na mtoto?"

"Mtoto tutamwombea."

"Mtoto mwombeeni," akasema Nicanor. "Baba yake je, usiku anaombewa na nani?"

Dada Rosenda alichukizwa na swali hilo. Kwa hiyo kufikia Jumatano Nicanor alikuwa ameudhi pande zote mbili, na mji mzima ukakubaliana juu ya jambo moja kwa mara ya kwanza tangu tuchimbe mfereji.

Alhamisi Kuu tukajaa kwenye bustani ya mapera nyuma ya kanisa. Jua lilikuwa kali. Abundio alisali chini ya mpera amevaa kanzu nyeupe na nywele za singa za farasi, jasho linamtiririka. Saa kumi ikafika, Yuda hayupo. Abundio akasali tena. Mitume, ambao kazi yao ni kujifanya wamelala, wakalala kweli, na Petro akakoroma. Saa kumi na moja akafika mjumbe: Melitón amekunywa ili apate ujasiri, na sasa yuko chini ya meza ya mikate, joho la manjano limejaa unga, haamki hata kwa maji.

"Hakuna kukamatwa," akatangaza doña Gudelia, na sauti yake, sikutegemea, ilitetemeka. "Kwa hiyo hakuna msalaba."

Abundio akaketi chini kwenye majani. Alivua zile nywele za farasi akaziweka magotini, akawa anazipapasa kama paka.

Nicanor alikuwa kwenye uzio pamoja na Eufrasia. Upande wa pili wake alisimama dada Rosenda, aliyekuja kumlinda kondoo wake asiibwe. Nicanor alimwona kompadre wake vile, na moyo wake ukageuka kabla ya akili kupata nafasi. Dada Rosenda alimshika shati, shati likachanika, yeye akaruka uzio.

"Joho liletwe hapa," akasema doña Gudelia haraka, "hata na unga wake."

"Silitaki, doña. Sikuja kumuuza mtu. Nimekuja kumsalimia kompadre wangu."

Akamwinua Abundio, akamkumbatia, akambusu shavuni. "Bwana asifiwe, kompadre."

"Amina," Abundio akajibu huku analia, na hapo hapo Primitivo akapaza sauti, "Aliyebusiwa ndiye!" Askari wakamfunga kamba. Watu wakapiga makofi, mitume wakaamka wakauliza ni saa ngapi.

Kisha sote, bila kuambiwa, tukampa Nicanor mgongo. Ni mazoea tu, mwili unajigeukia wenyewe. Hata Eufrasia aligeuza uso. Nicanor akabaki ameishika hewa pale Abundio alipokuwa. Akamsikia yule wa zamani akipiga hodi.

Akafikiri upesi, kama mtu anayezama. Ukimbusu mmoja peke yake, umemwonyesha kidole. Ukiwabusu wote, umewasalimia tu. Basi akamfuata Petro, akamgeuza, akambusu shavuni. "Bwana asifiwe."

Primitivo akakuna kichwa chini ya kofia yake ya bati. "Na huyu amebusiwa," akasema. "Mkamateni."

"Primitivo, acha upunda," akasema doña Gudelia.

"Doña, miaka kumi na tisa nakamata anayebusiwa. Leo niache kwa amri ya nani?"

Nicanor hakuwa na breki tena. Aliwabusu mitume kumi na mmoja. Alimbusu Kayafa, akawabusu wale watu wawili waliochimba uani kwake, akanibusu na mimi, shavu lake linanuka udongo mbichi. Kamba za askari zikaisha, zikaletwa kamba za kengele, kamba za kuanikia nguo, mitandio ya akina mama. Dada Rosenda alipiga kelele kwamba yeye si wa dini hii. "Umebusiwa, mama," akasema Primitivo kwa heshima, akamfunga nyuma ya Kayafa. Eufrasia, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa anaishi na mume mpya na hajui amfanyeje, alinyoosha mikono afungwe hata kabla hajafikiwa. Doña Gudelia alizunguka mpera mara tatu, lakini magoti ni magoti, naye akabusiwa akafungwa. Askari wakabusiwa, wakafungana wao kwa wao. Mwisho Primitivo mwenyewe akabusiwa. Akatafakari kidogo, kisha akajifunga mkono, akikaza kamba kwa meno.

Hivyo Santa Úrsula nzima ikawa imekamatwa. Primitivo akatoa amri ya kuelekea kwa Pilato, na ule msururu ukaanza kuondoka, watu zaidi ya mia mbili kwenye kamba moja, tunakanyagana, tunalaumiana, na mbele kabisa Abundio anatembea kifua mbele, maana msalaba wake sasa umeshapatikana.

Na Nicanor akabaki bustanini. Hilo hakulifikiria. Mbwa wake akapenya kwenye uzio akaja kuketi karibu naye. Aliangalia mkia wa msururu unatoka langoni, na mikono yake ilikuwa imening'inia tu, haina kazi. Hakununa. Ila ule uso uliotuudhi miezi yote ulikuwa umezimika, na mimi nilipogeuka nikauona, niseme ukweli, sikufurahi.

Doña Gudelia naye aligeuka. Akasimama ghafla, na kwa vile yuko kwenye kamba, tukasimama sote.

"Kapteni," akasema, "mtu mwenye makosa yote ndiye pekee aliye huru. Mkamate."

"Hajabusiwa, doña."

"Basi abusiwe."

Tukatazamana. Katika mji wetu hakuna mtu aliyewahi kumgusa Tlapale baada ya saa kumi ya Alhamisi Kuu, na mikosi ya namna hiyo hakuna anayejua inaishia wapi. Eufrasia alianza kuvuta, lakini alifungwa mbali, kati ya askari wanne. Abundio alikuwa ameshapita kona. Doña Gudelia alitungoja. Alipoona tumekazia macho viatu vyetu, akasonya.

"Kazi zote nifanye mimi," akasema.

Akageuka na kurudi, na sisi tukaburutwa nyuma yake kupita lango, kupita mpera, mpaka mbele ya Nicanor. Akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto wa kufutwa kamasi, akambusu. Lilikuwa busu la hasira, kavu, likaangukia karibu na sikio. Primitivo akavua kitambaa cha shingo yake, akamfunga Nicanor mkono kwa mkono na doña Gudelia.

"Na usithubutu kufurahi," akasema doña Gudelia. "Umekamatwa. Hii ni adhabu."

"Naelewa, doña."

"Basi ondoa uso huo."

Nicanor alijaribu. Mungu ni shahidi, na mimi pia, maana nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Aliuma midomo, akatazama chini, akameza mate. Machozi yakamshuka mpaka shingoni, na mdomo bado ukamkatalia.

"Nisamehe, doña Gudelia, nimeshindwa," akasema. "Kesho nitapanda mlima na watu. Sijawahi kupanda."

Doña Gudelia akakaza fundo la kitambaa kati yao.

"Basi upande polepole," akasema. "Magoti yangu hayafai."